Kisu cha Chale Kilichounda Simu

Jumanne tulipomzika baba yangu, Dastani, hapa Newala, mtu mmoja alisimama kaburini akasema Wajerumani ndio waliomfundisha ufundi. Nilinyamaza kwa heshima ya padre. Sasa sinyamazi. Mungu ni shahidi, hawakumfundisha kitu.

Mwaka 1905 makasha ya mashine ya simu yalifika boma la Masasi, kila kitu kikiwa vipandevipande: koili, waya, skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Fundi Mzungu alikuwa amekufa kwa homa njiani. Akaitwa baba, kijana mchonga vinyago. Akafunguliwa sanduku la zana, akazipima moja moja kwenye ukucha wa kidole gumba, kama wachongaji wetu wafanyavyo: ikishika inafaa, ikiteleza inarudishwa. Akachagua koleo moja na bisibisi moja. Nyingine zilikuwa nzito, za kufungia magurudumu. Kisha akachomoa kiunoni kisu chembamba cha mama yake, mchanja chale, akakwangua nacho waya na kukaza zile skrubu ndogo.

“Dastani,” akacheka akida Fikirini, “unaunda mashine au unaichanja chale?”

“Ikilia, akida, nitakuita uibembeleze.”

Siku ya nne ikalia.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, waya ulikatwa karibu na Nanganga. Ofisa wa boma akasema mwenye kisu cha kukatia waya ni Dastani, anyongwe. Baba akaomba iletwe ncha ya waya. Ilikuwa imebondeka: kazi ya panga juu ya jiwe.

“Bwana, kisu changu hukwangua tu. Ukikata nacho waya huu kitavunjika. Jaribu.”

Ofisa akajaribu. Kisu kikavunjika katikati.

Kamba ikawekwa kando. Lakini walimchapa viboko ishirini na tano, eti kwa kuwa na silaha! Silaha gani? Kisu cha urefu wa kidole, kilichounda mashine yao wenyewe! Nilipomwosha Jumatatu, makovu yalikuwa bado mgongoni. Bwana awasamehe, mimi bado sijaweza.

Baba aliokota kipande kimoja cha kisu, akakinoa upya, akakitilia mpini wa mpingo, akafanya nacho kazi miaka hamsini. Sasa kiko mezani kwangu. Yule msemaji wa kaburini aje akipime kwenye ukucha wake, kisha aniambie ni Mjerumani gani aliyekichagua.