Nani Atabeba Maji

Hapa Uvira daktari anaweza kukueleza ugonjwa wako kwenye koridoo, benchi zima likisikiliza. Juzi nilikuwa kwenye benchi hilo nikimngoja shangazi. Mbele yetu alisimama mama mmoja wa Kilibula, amekaza kitenge kiunoni kama anayekwenda shamba. Kumbe alikuwa akizuia kizazi kisitoke nje. Kilikuwa kimeshuka na kuota vidonda, na tangu jana yake mkojo ulikuwa umegoma kabisa.

"Kilianza kushuka wakati gani, mama?" daktari aliuliza.

Hakutaja mwaka. Alimwonyesha kwa mdomo binti yake aliyeketi pembeni akinyonyesha. "Wakati nilizala huyu. Nilirudia kubeba bidoni za mayi mbio sana, hata wiki haiyaisha."

Daktari akamgeukia mume wake aliyesimama nyuma yake, akaeleza taratibu kwamba watampasua, watatoa kizazi, kisha watashona nyama za chini zilizolegea. "Lakini hata akipona, asibebe tena vitu vizito. Akibeba, vya ndani vitashuka tena."

Mume alisikiliza akizungusha kofia mikononi. Si mtu mbaya; macho yalikuwa yamemjaa machozi. Sasa uso ukachangamka.

"Hakuna shida, dokta. Hatabeba tena mayi. Huyu iko."

Akamnyooshea kidole binti, mwenye kichanga ambacho hata kitovu hakijakauka.

Benchi zima likaitikia kwa kichwa. Daktari peke yake alimtazama binti kwa uchovu, kama anayempangia kitanda mapema. Mimi niliitazama ile mikono ya baba, mipana, mizima, ikiendelea kuzungusha kofia.