Benchi za Mulombwa

Leo nimepita kwa seremala kununua kiti. Nikasikia harufu ya vanishi mbichi, nikaondoka bila kiti.

Baba alikuwa seremala wa kampuni. Bosi wake alimletea uani boti ndogo ya zamani ya faiba, ya kuvulia samaki ziwani, na mbao zake za ndani zilikuwa zimeoza zote. Baba alizing'oa, akaweka sakafu mpya na benchi za mulombwa, mti wa mbao nyekundu, akizipiga randa mpaka zikafuata mpindo wa ubavu wa boti. Vanishi ilipokauka alituita wote, maana kazi yake aliipima kwa uzito wetu. Alipiga benchi kwa kiganja.

"Mwikale," alisema. "Nisikie kama inalia."

Mama aliketi nyuma amempakata mdogo wetu, mimi na dada zangu mbele. Benchi haikulia. Jirani yetu, aliyekula bukari, ugali wetu, kwetu kila Jumapili, alichungulia juu ya ua akacheka, akimwita Baba.

"Tata, munarudia kwenu Kasai na hii boti?"

Na sisi tulicheka. Kasai ndiko alikotoka babu; mimi nilizaliwa hapohapo, katika nyumba yenye ua ule. Baba alichukua kitambaa, akafuta benchi iliyokuwa safi.

Mvua zilipoanza, wenyeji wa mkoa walitufukuza sisi watu wa asili ya Kasai, tukapandishwa behewa la mizigo lisilo na kiti hata kimoja. Ufunguo wa nyumba alibaki nao jirani. Baba aliinama, akapiga sakafu ya chuma kwa kiganja.

"Mwikale," alisema.