Fundi saa na mlio usiopimika

Mpiga pasi wa mlango wa pili anaapa kwamba siku kompresa, mtungi wa kujazia matairi upepo, ilipopasuka, saa zote za ukutani kwa fundi zilisimama kwa mpigo mmoja, na fundi mwenyewe akatoka nje akicheka kama amepandwa na kichaa.

"Muongo huyo!" fundi anasema, bisibisi ndogo ameibana mdomoni. "Zilisimama mbili tu. Na sikucheka, nilikuwa napiga kelele. Yeye alikuwa chini ya meza, angeona nini?"

"Shoga, kwa mwili huu meza gani ingenisitiri?" mpiga pasi anajibu kutoka ng'ambo ya ukuta.

Ni saa mbili asubuhi. Fundi, mama wa watoto wawili, ana miaka ishirini na sita katika kazi hii aliyorithi kwa baba yake. Ameinamia saa ya ukutani ya kutia ufunguo. Zamani angefumba macho, asikilize kidogo, aseme, "Hii inachechemea." Saa iliyo nzima hutembea kwa hatua zilizo sawa, mbovu huvuta mguu mmoja.

Sasa anabandika kidole kwenye ubao wa saa, ahisi. Kwa saa kubwa kidole kinamtosha. Ndogo za mkononi, hapana.

Kompresa ilikuwa ya fundi matairi, jirani wa upande wa kushoto. Tangu ipasuke, miezi saba sasa, masikioni mwa fundi kuna mlio mwembamba usiokoma. Saa ndogo kumi na mbili alizokuwa akitengeneza kwa wiki zimebaki tatu, na hizo anabahatisha.

"Hospitali walinipima wakasema masikio mazima," anasema. "Nikawauliza, haya, anayepiga filimbi humu ndani ni nani?"

Alhamisi moja alikwenda kwa karani wa sheria anayesaidia watu bure. Akapewa fomu ya makubaliano kati yake na fundi matairi, yenye mstari mmoja mtupu: madhara yaliyopatikana.

"Mwanangu, madhara ni nini hasa?" akamuuliza karani.

Karani akacheka, akavuta kiti. Inategemea uko wapi, akamwambia. Kuna nchi zenye orodha: kidole kina fungu lake, jicho lina lake, mlio haumo. Kwingine wanataka uoneshe kipato kilichopungua. Kwingine maumivu yenyewe yanahesabiwa, hata kama hukupoteza senti. Kuna wasiouliza nani mkosaji. Mfuko wa umma unamhudumia aliyeumia. Na kuna wanaoanza kwa swali: kilichoharibika kinaweza kurudishwa kilivyokuwa? Fedha baadaye.

"Kwa hiyo nikivuka mpaka na mlio wangu, unageuka kitu kingine?"

"Mlio ni uleule, mama. Linalobadilika ni jina lake."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa hakimu atataka ushahidi. Una daftari la kazi?"

Hana. Kazi zote zilikuwa kichwani. Kwa mujibu wa karani, bila daftari angeambulia gharama za hospitali tu, na hizo fundi matairi ameshazilipa.

Wiki nzima fundi aliwaza zile nchi, hasa ile ya mwisho, ya kurudisha kilichoharibika. Hatimaye akaujaza mstari kwa maneno matatu: Sisikii saa ndogo. Kisha leo asubuhi akamwita fundi matairi.

Anaingia akijifuta mikono kwenye suruali. "Dada, umeamua kunishtaki? Sina kitu tena, najaza kwa pampu ya mguu. Labda uchukue tairi."

"Tairi nitalivaa? Kaa."

Anampa saa ndogo ya kike. "Weka sikioni. Unasikia nini?"

"Inatembea."

"Hatua zinalingana?"

Fundi matairi anafumba macho. Anasikiliza muda mrefu kuliko mtu angedhani. "Moja inavuta. Kama mtu mwenye kiatu kinachobana."

Fundi anaipokea, anaifungua, anachungulia kwa lenzi yake. Kweli, utepe mwembamba wa ndani, mizunguko yake imegusana. Anaunyoosha kwa kibanio, anafunika, anamrudishia.

"Sikiliza tena. Sikio langu huwezi kulirudisha, najua. Lako niazime. Muda wa saa moja kila asubuhi kabla hujafungua, unisikilizie, mpaka huu mlio utulie, au nijue kidole changu kitanifikisha wapi. Ukikubali, nasaini fomu leo, mambo ya hakimu yaishe. Unasemaje?"

Nje mteja amefika na baiskeli yenye pancha, anagonga kengele, anaita, "Fundi matairi!" Fundi matairi hageuki. Saa bado iko sikioni, macho ameyafumba.

"Nimekuuliza, mdogo wangu," fundi anasema.