Buti la Siketi

Fundi bomba huyu walimwita Siketi, maana hata chakula alikula akizunguka. Tangu asikie kwamba plastiki ikichemshwa pamoja na udongo hutoa mafuta, ndiyo kabisa hakushikika. Aliyeyusha ndoo, akaja kwenye madumu, akatoa nta tupu. Akaapa kwamba kosa ni la udongo mbichi. Basi akautwanga mtungi wa maji wa mkewe ukawa unga, akaumimina kwenye pipa la chuma pamoja na viti vyote vya plastiki, akachochea moto.

Asubuhi yake mafuta yakaanza kudondoka kwenye bomba alilolitoboza pipani, mekundu kama chai. Siketi akapekua nyumba nzima asione chombo.

"Mama watoto, lete sufuria!"

"Sufuria zangu? Thubutu!" mkewe akajibu, amezikumbatia. "Umetuyeyushia nyumba, sasa kinga kwa viganja."

Siketi akavua buti, akakinga. Tone likaja, jingine likachelewa. Saa mbili nzima alisimama palepale, mguu mmoja peku, hathubutu kusogea.

Jirani akachungulia, akamhurumia. "Fundi, si ukae kidogo?"

"Natamani," Siketi akasema. "Nikalie nini?"