Siku Nilizokuwa Bukoba

Kwa miaka minne nilikuwa muuguzi pekee katika zahanati ya kisiwa kimoja cha Muleba. Nikisafiri, mlango ulifungwa.

Safari moja niliitwa Bukoba kwenye semina ya huduma za wajawazito. Asubuhi ya kuondoka, mama mmoja mwanika dagaa alinisindikiza mpaka kwenye boti. Mimba yake ilikuwa imebakiza wiki tatu.

"Sista, utarudi lini?"

"Alhamisi. Siku zako bado, usiwe na wasiwasi."

Alhamisi ziwa lilichafuka, boti hazikuondoka. Nilifika Ijumaa mchana, nikakuta dagaa wote wameachwa juani bila mtu wa kuwageuza. Nikajua kuna msiba.

Alikuwa amejifungua asubuhi ya jana yake, akatokwa na damu nyingi. Walimbeba hadi zahanati wakamlaza barazani, akafia hapo. Vidonge vya kuzuia damu vilikuwa ndani, kwenye kabati.

Mama mkwe wake alinipokea akiwa na mtoto mikononi. Hakunilaumu.

"Waitu, mwenzetu, tulikungoja," alisema kwa upole, kisha akanipa mtoto nimpime.

Nilimpima huku nalia. Alikuwa wa kike, mzima kabisa, na ana njaa.

Miezi minane baadaye tuliletewa muuguzi wa pili, binti mchapakazi kutoka Kamachumu. Sasa mmoja wetu akisafiri, mwingine anabaki. Siku alipofika wanawake walimpokea kwa vigelegele. Mimi nilizunguka nyuma ya jengo, nikakaa huko peke yangu mpaka waliponiita.