Kizimba cha Meneja

Mke wangu alinikuta nimefungwa ndani ya kizimba cha mbwa. Akanitazama. Akaenda zake.

Msimlaumu kabla sijamaliza.

Mimi ni seremala, mke wangu ni nesi. Binti yetu wa pekee alipokwenda shule ya bweni, nyumba ilipoa kabisa. Jioni tukawa tunakula, tunaosha vyombo, tunaangaliana.

Sikusema ni upweke. Nilisema mtaani kuna wezi, nikaleta mtoto wa mbwa.

Mke wangu akamtazama alivyojilaza juu ya kiatu chake cha kazini.

"Huyu ndiye atakayekamata wezi?"

"Atakua."

Tukamwita Meneja, maana alikuwa anapita chumba hadi chumba kukagua, na kazi hafanyi.

Mchana hakuwa na neno. Usiku ndiyo balaa. Taa ikizimwa tu, analia mpaka kunakucha. Nikaenda kwa daktari wa mifugo.

"Mtengenezee kizimba," akaniambia. "Kiwe kidogo, aweze kusimama na kugeuka tu. Kikiwa kikubwa atakojoa kona hii, alale ile. Kifunike shuka, giza linatuliza. Na akilia usimfungulie, utakuwa umemfundisha kulia. Subiri anyamaze kwanza."

Nilimwelewa yote isipokuwa hilo la udogo. Mimi ni fundi, sipangiwi vipimo na mtu wa sindano. Mtoto hushonewa nguo ya kukulia. Nikampimia Meneja jumba la mbwa mzima: mbao ngumu, fito zilizopigwa randa vizuri, na mlango wenye komeo la springi nililolibuni mwenyewe. Ukiuachia mlango, komeo linajifunga. Kulifungua ni kwa nje tu. Karakana nzima ilisikia sifa za hilo komeo kabla mbwa hajaliona.

Nyumbani nikampa mke wangu sheria, kidole juu.

"Atakayelia humo asifunguliwe mpaka anyamaze. Hata akilia kwa huruma namna gani."

"Sawa, fundi."

Usiku wa kwanza Meneja akakojoa kona hii, akalala ile, kisha akaanza kulia. Usiku wa pili vivyo hivyo. Mke wangu akarudi kutoka kazini macho mekundu.

"Leo nimempima mgonjwa mmoja presha mara mbili, nikadhani ni wawili," akasema. "Mbwa akilia tena usiku huu, kesho anarudi alikotoka. Sirudii."

Mke wangu akisema harudii, harudii.

Tatizo nililijua: nafasi ilikuwa kubwa mno. Dawa yake ilikuwa ubao mmoja wa kugawa kizimba. Lakini kuuweka huo ubao ni kukiri kwamba daktari alisema kweli, na mimi sikuwa tayari. Nikaona bora hiyo nafasi niijaze mwenyewe, mpaka Meneja apitiwe na usingizi.

Mke wangu alipokwenda kulala, nikaingia kinyumenyume, magoti kifuani. Meneja akazunguka, akajilaza tumboni kwangu, akashusha pumzi, akalala.

Nisiwafiche. Tangu binti yetu alipokuwa mdogo, hakuna aliyenilalia tumboni namna ile. Nikajua kabisa kwamba huyu akirudishwa, nitaumia.

Nikasukuma mlango nitoke.

Komeo lilikuwa limejifunga. Kazi nzuri kweli ile, hata halikutikisika.

Sasa nikipiga kelele, Meneja ataamka, atalia, kesho hana kwao. Nikavumilia. Mguu mmoja ukafa ganzi, wa pili ukaufuata. Mwisho uzalendo ukanishinda.

"Mama," nikamnong'oneza mke wangu. Nikapandisha sauti kidogo.

"Mama, nateseka huku."

Akaja na tochi. Akanimulika usoni, akamulika komeo, akarudi usoni.

"Nifungulie."

"Unalia?"

"Silii. Nalalamika."

"Sheria ni yako, fundi. Nyamaza kwanza."

Akaenda zake. Akarudi na shuka. Nikashukuru moyoni, nikijua amekuja kunifunika.

Akakifunika kizimba.

"Giza linatuliza," akasema.

Nikanyamaza. Na kweli, linatuliza.

Asubuhi nilisikia komeo likifunguliwa. Nikatoka kwa magoti, Meneja akanipita mbio kwenda nje kukojoa. Mke wangu alikuwa ameshavaa sare ya kazi. Mto wake ulikuwa sakafuni, kando ya kizimba.

"Hukulala kitandani?"

"Kitanda kitupu, nyumba kimya," akasema huku akiokota mto. "Ningelalaje? Hapa angalau kulikuwa na watu wanakoroma."

Nikakaa chini nikisugua miguu. Ahadi ni deni.

"Basi leo namrudisha," nikasema. "Kelele zilikuwepo."

"Tulisema mbwa akilia. Mbwa hakulia. Aliyelia ni wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mbwa anabaki. Na wewe sina pa kukurudisha. Mama yako nilishamuuliza zamani, hapokei."

Akambusu Meneja utosini, akaenda kazini. Mimi hakunibusu.

Ubao wa kugawa niliupigilia siku hiyo hiyo. Meneja analala fofofo.

Funzo, ndugu zangu: kabla hujamtungia mwenzako sheria, jipime kama na wewe utaenea humo ndani. Na ukiwa mpweke, sema. Mimi nilisingizia wezi, na mpaka leo hawajatokea.