Simu ya Mama Endale

Aselefech hakumzaa Endale, lakini mtaa mzima wa nyuma ya kinu cha nafaka, pale Addis Ababa, ulimwita Mama Endale. Wazazi wao walipokufa, mdogo wake huyo alikuwa bado ananyonya kidole. Akamlea, akamsomesha, na alipotaka kwenda Roma kutafuta kazi, akauza bangili zake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mumewe, karani wa posta, alimwachia nyumba ya vyumba viwili na simu.

Simu ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Ilikuwa nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, ya kuzungusha kwa kidole, na ilikaa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Aliitia kufuli dogo, maana watoto wa mtaa walikuwa na vidole vyepesi. Kufuli lenyewe halikusaidia. Walishajua kugonga pale panapowekwa mkono wa simu, mara tatu kwa namba tatu, mara saba kwa namba saba, mpaka laini ikaita.

"Nyie wezi wa maneno!" aliwafokea, halafu akawaacha wamalize kuongea.

Mtu akitafutwa, Aselefech alipaza sauti juu ya ua: "Tirunesh! Mumeo yuko kwenye simu, acha vitunguu uje!" Tirunesh alifika mbio, akapiga kelele kana kwamba mumewe yuko ng'ambo ya mto, na wote waliokuwa wakinywa kahawa mle ndani walimsaidia kujibu. "Mwambie atume viatu!" "Mwambie amenenepa huyo, sauti inasema!"

Jambo moja tu halikupitishwa pale, nalo ni kifo. Aliye mbali akipiga kusema fulani hayupo tena, Aselefech alijibu kwa sauti ya kawaida, akaweka simu chini, akajitanda netela yake, lile shuka jepesi jeupe, na kwenda kwa Mzee Mekuria, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Alfajiri yake wazee na kina mama walimbishia hodi mfiwa, wakamwambia wakiwa wamemzunguka, ili akianguka adakwe. Habari za namna hiyo Aselefech alizibeba nyingi, na uso wake haukumsaliti hata mara moja. Lakini hakuwahi kukaa nazo zaidi ya usiku mmoja.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Yeshimebet, shoga yake tangu wakiwa wasichana wa kuteka maji. Walitoboa mlango kwenye ua wao ili wasizunguke barabarani. Mwaka ule Hirut, binti wa Yeshimebet, alikuwa anaolewa katika msimu wa harusi, kabla mfungo mkubwa haujaingia, na kiongozi wa masufuria hakuwa mwingine ila Aselefech. Hakuna aliyejua kupika mchuzi wa kuku wa sherehe kama yeye.

Alhamisi alikwenda sokoni kununua siagi, akamwacha Yeshimebet amlindie nyumba huku akimenya vitunguu. Aliporudi alimkuta machozi yanamtiririka.

"Vitunguu vya mwaka huu vikali," Yeshimebet akasema, akijifuta kwa kiganja. "Halafu simu yako imekufa. Mtaa mzima, Mama Endale. Wale wachimba barabara wamekata waya."

"Na Endale alisema atapiga Jumapili ampongeze Hirut!"

"Atapiga siku nyingine. Njoo uonje chumvi."

Harusi ikafana. Aselefech alipika siku mbili bila kuketi, na ngoma zilipolia, wenzake walimvuta katikati. Akacheza mabega, akayatetemesha hadi wakwe wakasimama kumtazama. Yeshimebet alimshika kiuno, akamfuta jasho la uso kwa ncha ya netela yake.

"Mtazameni Mama Endale! Mabega ya msichana haya!"

"Endale akirudi," Aselefech alisema akihema, "namtafutia mke mwenye mabega kama haya, au abaki kapera!"

Watu wakacheka, na Yeshimebet alicheka kuliko wote.

Jumanne alikuwa anafagia majani yaliyotandazwa sakafuni kwa ajili ya wageni. Aliposogeza meza ya simu akaona waya ukutani umekatwa kwa kisu, na ncha zake zimefungwa vizuri kwa kitambaa. Panya wa nyumba ile aliwafahamu; hawakuwa na tabia ya kufunga bendeji. Akawalaani watoto, akaunganisha nyaya kama alivyozoea kumwona marehemu mumewe akifanya, akainua mkono wa simu. Laini ikanguruma. Akaguna kwa furaha na kuanza kuifuta vumbi, nayo ikalia mikononi mwake.

"Dada, ni Tamrat, niliyekuwa nakaa na Endale hapa Roma. Nimepiga siku nyingi haipokelewi. Tumemzika Jumamosi, kama mlivyoruhusu. Vitu vyake..."

"Nani aliruhusu?"

"Si niliongea na mama mmoja hapo nyumbani, Alhamisi? Nikamwambia alianguka kazini asubuhi ile, kwenye jengo. Akasema tuzike tu, wewe utaambiwa taratibu. Mungu wangu. Dada, una mtu hapo karibu?"

"Ninaye," alisema Aselefech. Alikuwa peke yake.

Yeshimebet akaingia kwa mlango wa uani na sufuria mbili kichwani. "Mama Endale, hizi ni zako au za..." Akaona meza iliyosogezwa, na waya.

"Usiniite hivyo."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

Yeshimebet akatua sufuria. "Ningefanyaje? Hema limesimama, ng'ombe amechinjwa, wakwe wako njiani. Ningekwambia, nani angepika? Nani angecheza kwenye mtaa wenye msiba? Mzee Mekuria mwenyewe alisema acha harusi ipite. Ni desturi yetu. Hata wewe ulinificha kifo cha baba yangu!"

"Nilikuficha usiku mmoja, usije ukaanguka bila mtu wa kukudaka. Wewe umenificha ili nikupikie."

"Tungekuja kesho alfajiri. Nakuapia kwa Mama Maria."

"Umeniacha nicheze, Yeshi. Ulinishika kiuno."

Yeshimebet akanyoosha mikono amkumbatie, kwa kuwa ndiyo kazi ya shoga siku kama ile. Aselefech akampita, akaigeuza netela yake pindo likapanda shingoni kama wavaavyo wafiwa, akaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Mekuria. Mpiga mbiu wa chama, anayetangaza misiba kwa tarumbeta, alikuwa amekaa kibarazani pake.

"Mwambie achukue tarumbeta," alisema.

"Binti yangu," mzee akajibu bila kumtazama, "tarumbeta hupigwa alfajiri."

"Alfajiri yangu mmeshaila kwenye harusi. Apige sasa. Na aitaje siku aliyofariki."

"Hayo yataaibisha watu."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee akasugua goti, kisha akampa mpiga mbiu ishara. Tarumbeta ikalia mchana kweupe, jambo ambalo mtaa ule haukuwa umelizoea, na watu wakatoka milangoni. "Endale, mdogo wake Aselefech, amefariki Roma! Amefariki Alhamisi, kabla ya harusi ya Hirut!" Aselefech alimfuata nyuma, macho makavu, nyumba hadi nyumba.

Kwa Yeshimebet, wanawake walikuwa uani wakisugua vyombo vya harusi. Mpiga mbiu alipofika pale akashusha sauti, akataka kupita.

"Hapa rudia," Aselefech akamwambia.

Akarudia, jina, mji na siku. Mikono ikasimama kwenye masufuria. Tirunesh ndiye aliyeelewa kwanza. Alimgeukia Yeshimebet aliyesimama mlangoni, akamtazama juu hadi chini, akadondosha mwiko. Hapo ndipo Aselefech alipolia. Wanawake wote wakatoka mbio nje ya lango wamdake, mikono yao ingali na povu, wakamwacha Yeshimebet peke yake uani.